Watu wa Salamu

Jumatatu, 10 Novemba 2025

Kundi limechangamka tena. Intaneti ilizimwa nchi nzima siku ya uchaguzi, Jumatano tarehe 29 Oktoba, na hata ilipoanza kurudi Jumatatu iliyofuata ilirudi ikichechemea: maneno yanapita, picha hazifunguki. Siku zile zote ujumbe wa mwisho kwenye kundi letu ulikuwa wa Kahama, wa alfajiri: "Mwangaluka ndugu zangu, tukapige kura kwa amani." Chini yake hakuna kitu. Kila nikiamka naufungua, nausoma, naufunga.

Habari hazikukosekana. Za kweli na za uongo zilitufikia kupitia sokoni na stendi. Kilichonikera ni kingine. Simu za kawaida zilikuwa zinapigika, namba ya Sengerema ninayo, na sijawahi kumpigia. Tumeandikiana magonjwa, harusi, bei ya dagaa, kifo cha mume wake, lakini kumpigia nikaona aibu, kama ninamgongea mtu mlango saa nane za usiku. Nikapiga hivyo hivyo.

"Nani mwenzangu?"

"Katoro."

Alipiga kigelegele, nikaisogeza simu mbali na sikio. Kisha tukakosa la kusema. Tukaulizana mvua.

Kwenye kundi hatuitani majina, tunaitana miji. Redio ndiyo iliyotuzoesha hivyo, na kwenye simu yangu wamo hivyo hivyo: Salamu Kahama, Salamu Magu, Salamu Maswa. Leo Salamu Ushirombo ameandika kwamba watu wa salamu tukutane uso kwa uso kabla hatujabaki kusomana kwenye matangazo ya vifo. Kahama akadakia: tukutane Katoro, ndiko katikati. Katoro si katikati ya chochote, na Kahama anajua. Hajawahi kufika, na anasikia kuna pesa.

Jumapili, 23 Novemba

Ushirombo amenipa kazi ya kuandika historia ya kundi, isomwe siku ya kukutana. Mwalimu hata akistaafu ni mtu wa kuandikishwa. Naanza kuichora humu, nitaisafisha baadaye.

Nilianza kutuma salamu nikiwa chuo cha ualimu, miaka ya 1980. Redio ilikuwa moja, Redio Tanzania Dar es Salaam. Ukiichoka Idhaa ya Taifa unahamia Idhaa ya Biashara, basi. Unanunua kadi ya salamu dukani. Unajaza jina lako na ulipo, majina ya unaowasalimu, wimbo unaouomba, na mwisho ujumbe. Kwenye ujumbe ndiko watu walikoonyeshana ubingwa: methali, mafumbo, vijembe kwa mwanamume aliyekukimbia. Unapeleka posta. Unasubiri wiki, pengine miezi, na siku inaposomwa huenda betri zimekwisha. Tulizianika juani juu ya bati zipate uhai wa nusu saa, na nusu saa hiyo hakuna aliyekubali iliwe na taarifa ya habari.

Kadi hazikuishia Dar es Salaam. Magu alikuwa anaandikia mpaka China, ambako matangazo ya Kiswahili yalianza 1961, na Ujerumani, walioanza 1963. Wakamrudishia kalenda na stika, akapamba ukuta wa sebule kwa nchi ambazo nina hakika hawezi kuzionyesha kwenye ramani. Yeye anakana. Anasema China anaijua.

Mimi sanduku langu la posta lilikuwa la shule. Nilihamishiwa Katoro 1991, Mkoa wa Mwanza wakati ule. Sijahama tena, kilichohama ni mkoa. Mwaka 2012 tukawa Geita, na mwaka huu tumepewa jimbo letu la uchaguzi, Jimbo la Katoro. Kijiji nilichokikuta, cha maduka ya udongo na minada ya ng'ombe, sasa ni mji mdogo ambao usiku hauna tofauti na mchana isipokuwa vumbi linapungua.

Baada ya sheria ya utangazaji ya 1993 zikaja redio za watu binafsi, na huku Kanda ya Ziwa ikaja Radio Free Africa ya Mwanza. Hapo ndipo tulipojuana hasa. Barua ya Katoro kwenda Mwanza haizeeki njiani, na mtangazaji wa kule akikutana na jina la mahali kama Nyang'hwale kwenye kadi haitafuni, anaitamka.

Hatukuwa tunatafutana. Siku moja nilisikia "na mwalimu wa Katoro" ikisomwa kutoka kwenye kadi ya mtu nisiyemjua wa Kahama. Labda alikuwa amenisikia nikisomwa. Nikalazimika kumrudishia, maana salamu ni deni. Naye akarudisha. Lwamgasa aliingia hivyo hivyo: alikuwa mchimbaji, na kwenye kadi moja alisalimia duara zima, yaani shimo lao la kuchimbia, kuanzia msimamizi hadi wapishi, mpaka mtangazaji akaishiwa pumzi. Sengerema aliingia kwa ugomvi, alituma kijembe kisichokuwa na mwenyewe na wanawake watatu wakakijibu.

Simu za mkononi zilipoenea, kadi zikafa taratibu. Tukawa tunatuma ujumbe mfupi studio. Baadaye Kahama akakusanya namba, akatuweka wote kwenye kundi la WhatsApp, na tangu hapo hatuhitaji mtangazaji.

Kwa hiyo Kahama ninamfahamu tangu hajaoa. Ndoa yake ya kwanza niliifuatilia mwanzo mpaka mwisho kwa mafumbo ya redioni. Uso wake sijauona. Picha yake ya kwenye simu imefunikwa na kofia ya pama.

Jumatano, 10 Desemba

Jana ilikuwa sikukuu ya Uhuru bila sherehe. Zilikuwa zimefutwa, na wananchi tulishauriwa kukaa majumbani. Mtaani kwangu maduka yalifunguliwa nusu mlango. Hapo awali Ushirombo alipendekeza tukutane tarehe hiyo, kwa kuwa ni siku ya mapumziko. Ni Sengerema aliyesema hapana, na leo kila mtu anamsifu kana kwamba walimuunga mkono.

Sasa ni Jumamosi tarehe 27, baada ya Krismasi, nyumbani kwangu. Kila mtu elfu ishirini, kwa M-Pesa, kwangu. Sharti la Kahama: siasa ziachwe nyumbani. Sharti la Magu: wasiokula nguruwe wapikiwe sufuria lao. Sharti langu, ambalo sijaliandika kwenye kundi: asije mtu na watoto wa ndugu zake.

Nimekwenda sokoni kupeleleza bei, nimerudi kichwa kinauma. Mwezi Oktoba dhahabu ilivuka dola 4,000 kwa wakia moja, na hapa hatukuhitaji gazeti kulijua. Nyanya zilitangulia kujua. Gramu ikicheza kwenye laki tatu, anayeuza mchele anaona haya kubaki na bei ya jana, na mwenye gesti anakuhesabia kana kwamba chumbani kuna mwamba. Mimi pensheni yangu haichimbwi. Nimekubaliana na jirani anayekodisha turubai na viti vya plastiki anipe kwa bei ya msiba, si ya harusi. Msiba ni nafuu.

Michango inaingia. Wa kwanza kutuma ni Lwamgasa, na ametuma laki moja. Hakuandika neno. Alituma picha tu: yeye kando ya karasha, mashine inaponda mawe, nyuma kuna gari jeupe lenye matope hadi madirishani. Kundi likalipuka. "Bosi! Bosi wetu!" Kahama akapendekeza Bosi atoe na mbuzi. Lwamgasa akajibu kwa kidole gumba. Usiku akatuma elfu themanini za mbuzi.

Ndivyo alivyo miaka yote. Haandiki. Akiguswa sana ataweka neno moja, "Pole" au "Amina". Lakini msiba ukitangazwa, mchango wake ndio mkubwa. Maswa alipopasuliwa tumbo, nusu ya pesa zilizokwenda hospitali zilikuwa za Lwamgasa. Tunasema matajiri wako hivyo, muda wa kuandika hawana.

Ijumaa, 26 Desemba

Wameanza kufika.

Magu amekuja asubuhi, wa kwanza, mzee kuliko wote. Masikio yamechoka: ukisema naye hakikisha majirani hawana siri za kusikia. Hajakaa vizuri ameanza kuhadithia daraja la Kigongo–Busisi. Zamani kuja huku ilikuwa kulala Kigongo ukiangalia kivuko kikija na kuondoka bila wewe. Sasa daraja lile la kilomita tatu, lililofunguliwa Juni mwaka huu, unalipita huku unachambua karanga. Alisema alizihesabu: karanga kumi na moja, wako Busisi. Nilimuuliza kwa nini basi hakuwahi kuja wakati wa kivuko. Hakunisikia, au alijifanya.

Sengerema amekuja mchana na ndoo ya dagaa na mfuko wa michembe. Ni mwanamke mrefu sana. Sijui kwa nini nilimfikiria mfupi. Tulikumbatiana pale stendi, na hapo hapo akaanza kuniambia habari za mkwe wake kuanzia katikati, kwa kuwa mwanzo wake aliniandikia juzi. Hatukuulizana habari za safari mpaka tumefika nyumbani. Na mtu huyu ndiye niliyeishiwa maneno naye kwenye simu mwezi wa kumi na moja!

Kahama aliingia jioni pamoja na Ushirombo, wamepitia Runzewe na Bwanga. Ushirombo ni vile vile alivyo kwenye maandishi, mkulima wa pamba anayelalamikia bei ya pamba. Kahama ndiye aliyenishangaza. Sauti yake kwenye simu ni ya mtu wa kilo mia na kitu, inatikisa meza. Aliyeshuka ni mtu mdogo, mkavu, fundi cherehani kila kitu, macho yanapima mabega ya watu. Akasalimia kwa sauti ile ile nzito, halafu akanyamaza. Alikula kimya. Aliulizwa, akajibu "ndiyo" na "hapana". Mtu ambaye kwenye kundi hutuma sauti za dakika tano kuhusu bei ya vifungo!

Baada ya chakula akatoka nje. Punde simu zetu zote sebuleni zikalia kwa pamoja. Ni Kahama: "Ndugu zangu wapendwa wa salamu, nachukua nafasi hii kuwajulisha kwamba nimewasili salama salimini katika mji wa Katoro, nimepokewa kwa heshima zote na Mwalimu…" Dakika nne. Kupitia dirishani tunamwona amesimama kwenye migomba, ametupa mgongo, mkono mmoja unapunga hewani. Sengerema alijifunika khanga usoni kwa kucheka. Magu akauliza nani anatangaza.

Jumamosi, 27 Desemba. Usiku sana

Nimechoka lakini nikilala nitasahau.

Kuna mtu sijamwandika humu. Buseresere. Katoro na Buseresere ni miji iliyogusana. Wao ni Wilaya ya Chato, sisi Wilaya ya Geita, na mgeni hawezi kukuonyesha mpaka. Kwa bodaboda ni dakika chache. Mwanamke huyu tumesalimiana kwa miaka mingi kupitia Mwanza, barua inakwenda mpaka ng'ambo ya ziwa ndipo irudi kunisalimia mimi niliyeko hapa. Leo ameingia getini na sufuria la pilau kichwani, nikamwangalia, akaniangalia. Ni yule anayeuza vitunguu karibu na stendi. Nimenunua vitunguu kwake tangu mjukuu wangu wa kwanza hajazaliwa. Tumeshagombana kuhusu kipimo. "Kumbe ni wewe!" tukasema pamoja. Kisha akasema mbele za watu kwamba mwalimu wa Katoro hupunguza bei mpaka mtu anaona bora ampe bure.

Muleba ni kijana wa miaka ishirini na sita. Baba yake ndiye aliyekuwa mtu wa salamu, akafariki, na mwana akabaki na laini. Tulitarajia ajiondoe. Asubuhi moja baada ya arobaini akaandika, "Muleba anawasalimu," nasi tukaitikia kama kawaida. Leo alitaka kukaa nyuma na vijana waliokuwa wanachoma mbuzi. Magu akamwita kwa mkono: kiti cha Muleba ni hapa, kati yangu na Ushirombo. Akakaa. Magu akamuuliza habari za kahawa, na kijana, ambaye ni fundi wa simu Bukoba, akajibu habari za kahawa.

Maswa hakuweza kuja, mguu unamsumbua. Alituma sauti. Tuliisikiliza mara mbili kwa ajili ya Magu.

Saa saba hivi akafika Lwamgasa. Watu walikuwa wamepanga kumpokea. Ushirombo alikuwa amefungua geti kubwa gari lipite. Alikuja nyuma ya bodaboda, shati jeupe limepigwa pasi, mikono mifukoni. Kahama, ambaye kufikia hapo alishazoea, akatangaza kwa sauti ya redio: "Bosi amekuja kwa unyenyekevu, gari ameliacha mgodini lizalishe!" Makofi. Lwamgasa akacheka kidogo, akainamisha kichwa kwa kila mtu. Mkono hakutoa. Mwanamume haingii msibani wala kwenye sherehe za Usukumani bila kupeana mikono, na niliona Magu amebaki na wake hewani.

Chai hakutaka. Soda akaomba mrija. Chakula kilipopakuliwa akasema amekula njiani. Sengerema alikuwa amekaa kando yake, na Sengerema si mtu wa kuuliza. Baada ya muda nilimwona amechota wali na nyama kwenye sahani yake mwenyewe, amegeuza kiti mgongo uelekee watu, analisha. Anazungumza mfululizo habari za dagaa wa Nkome, kijiko kinakwenda na kurudi. Wengine walikuwa wanapiga picha.

Mikono ya Lwamgasa inatetemeka. Si kidogo.

Historia niliisoma, wakapiga makofi katikati, nikajua wamechoka, nikaruka kurasa mbili. Kisha Magu akasimama, akatoa kadi. Kadi halisi ya salamu, tupu, aliyoihifadhi, kingo zimegeuka rangi ya chai. Ameijaza kwa kalamu nyekundu. Alisoma kwa kasi ile ya watangazaji wa zamani, bila nukta: anawasalimu wa Kahama, wa Sengerema, wa Ushirombo, wa Maswa aliyebaki nyumbani, wa Muleba baba na mwana, wa Nzega marehemu, wa Mwanhuzi marehemu, wa Kishapu ambaye hajulikani alipo na mwenye habari zake atoe. Ujumbe wake: waliosalimiana kwa barua hawadaiani. Akaomba wimbo. Muleba akautafuta kwenye simu, ukapatikana mara moja, Magu akakasirika kidogo kwamba umepatikana upesi hivyo.

Tulicheza. Goti langu litanidai kesho.

Jumapili, 28 Desemba

Wengi wameondoka asubuhi. Lwamgasa alilala kwa jirani yangu, nikamsindikiza stendi, na kwa kuwa mchomoko wa kwenda kwao ulikuwa haujajaa tukakaa kwenye benchi la mama wa maandazi. Alianza mwenyewe.

"Mwalimu, karasha si langu."

Ni mlinzi wa usiku pale. Karasha lina mwenyewe, gari lina mwenyewe, ndiye huyo huyo mmoja. Picha zake hupiga pale kwa sababu ndipo mahali pake pa kazi, angepiga wapi? Watu walipoanza kumwita Bosi, zamani, alidhani ni utani. Msiba wa kwanza uliofuata akatuma alichokuwa nacho, elfu tano, na mtu kwenye kundi akaandika, "Bosi tunasubiri ya pili." (Namkumbuka aliyeandika. Ameondoka leo asubuhi na basi la Kahama.) Akakopa, akatuma ya pili. Tangu hapo kila mchango ameutafuta: mbuzi wake wawili, chumba alichokuwa anapangisha, mshahara aliouchukua kabla ya wakati wake. Elfu themanini za mbuzi wa jana amezikopa kwa mwenye karasha, na atazilinda usiku mpaka ziishe.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Sikuwahi kusema ni langu, Mwalimu. Ninyi ndio mlinipa. Sasa kunyang'anywa kitu ambacho hukukiomba nako ni aibu."

Kuhusu mikono alisema kwa ufupi. Ujana wake wote alikuwa mwaloni Lwamgasa, wanakooshea dhahabu: unga wa mawe ukishaoshwa, unatia zebaki, unakamua kwenye kitambaa, unabaki na donge, unalichoma juu ya makaa, zebaki inapanda na moshi na dhahabu inabaki. Yeye ndiye alikuwa mchomaji, alilipwa kwa kila donge. Miaka ya 2000 mwanzoni walikuja watu wa mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki, na Lwamgasa ndipo walipopachagua kwa Tanzania. Wakapima mikojo, wakawaonyesha chombo cha kuchomea kinachofungwa, moshi usitoke. Alikitumia. Kisha akakiacha, kwa sababu kinachelewa, na mnunuzi amesimama hapo na pesa mkononi, na wa jirani anachoma wazi. Mwaka 2020 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki. Yeye wakati huo alikuwa ameshaacha kazi, kijiko kinamwagika. Mimi si daktari, siwezi kuandika kwamba ni zebaki iliyomtetemesha. Yeye hana shaka.

Basi ndiyo maana haandiki. Herufi za simu ni ndogo, kidole kinaangukia tatu kwa mpigo. Picha anabonyeza mara moja. Kidole gumba anabonyeza mara moja. "Amina" humchukua muda wa kutosha kuisema kweli.

Muleba alikuwa anasubiri basi la Bukoba pale pale, nikamwita. Akamwonyesha kwamba ukishika alama ya kipaza sauti na kuivuta juu, simu inaendelea kurekodi yenyewe, huhitaji kuikamata. Lwamgasa alijaribu, ikashindikana, akajaribu kwa kifundo cha kidole. Ikakubali. Hakutuma kitu. Alisema atafikiri cha kusema.

Aliniomba nisiwaambie wenzetu. Sitawaambia.

Jumatano, 31 Desemba

Hesabu: tumebakiwa na elfu kumi na nne na mia tano, viti vyote vimerudi, kimoja mguu umevunjika na mwenye viti amenihesabia kana kwamba ni cha harusi.

Nimezunguka na jambo hili siku tatu. Kadi ya salamu haikuweza kubeba pesa. Uwe na duara au uwe na jembe, kadi ilikuwa bei moja, jina lako lilisomwa kwa kasi ile ile, na zamu ikipita imepita. Tangu M-Pesa ilipofika nchini mwaka 2008, na hasa tangu tuwe kwenye kundi, salamu zetu zinakuja na orodha: fulani katoa hiki, fulani kile, fulani bado. Tunaibandika orodha ile kila msiba na kuishangilia. Kwa nchi hii ya dhahabu, ambako mtu analala mlinzi na kuamka tajiri, na kinyume chake, ni rahisi kuamini picha ya gari. Sioni kwamba Lwamgasa alitudanganya. Tulimpandisha cheo kwa sababu ilitufaa kuwa na tajiri.

Asubuhi nimepeleka pendekezo kwenye kundi, bila kutaja sababu. Mchango wa msiba au ugonjwa uwe elfu tano kwa kila mtu, usizidi. Zitumwe kwa Sengerema peke yake. Hakuna orodha. Atakayekosa hatajulikana, na atakayetaka kutoa zaidi aende mwenyewe kwa mfiwa na mkono wake.

Buseresere amekubali. Magu amekubali, baada ya mjukuu wake kumsomea. Muleba, Ushirombo, Maswa. Sengerema ameandika, "Afadhali," na najua anajua.

Saa nne ikaingia sauti ya Lwamgasa, ya kwanza tangu tuwe na kundi. Ni nyembamba, ya haraka, ya mtu aliyesoma kwenye kadi: anamsalimu Kahama, anamsalimu Sengerema na wali wake, anamsalimu Mwalimu wa Katoro, anawasalimu walinzi wote wa usiku popote walipo. Ujumbe: amekubali.

Aliyepinga ni Kahama peke yake. Ametuma sauti ya dakika sita, anasema kundi litapoteza heshima. Amepigiwa kura, ameshindwa. Utaratibu mpya unaanza kesho, tarehe 1 Januari, na mkutano ujao ni kwake Kahama mwezi Agosti. Kila mtu ajilipie nauli.